Pikipiki ya sporti kwa mtu mfupi: mguu unatua wapi?

Ilikuwa Jumamosi saa kumi na moja jioni, hapa Kigoma, kwenye mteremko wa kutoka Mwanga kushuka mjini, na pikipiki ilikuwa imesimama. Naanza na hilo ili lieleweke. Sikuwa kwenye spidi, mvua haikunyesha, hakuna aliyenichomekea. Bajaji iliyokuwa mbele yangu ilisimama kushusha abiria, nami nikasimama nyuma yake vizuri kabisa, nikatoa mguu wa kushoto niguse chini.

Chini hakukuwepo.

Yaani lami ilikuwa imekatika pale pale, na udongo wa pembeni uko chini yake kama upana wa kiganja hivi. Ncha ya kiatu ikapita pale nilipotegemea ardhi, ikaendelea kwenda, pikipiki ikaanza kunilalia, nikaibana kwa mapaja nikavuta usukani kwa mikono yote miwili na kwa sekunde moja nikaamini kabisa kwamba nimeiwahi. Alafu ikawa nzito. Sijui niielezeje, ni kama mtu aliyekuwa anakusaidia kubeba gunia akaachia upande wake bila kukwambia. Ikalala polepole, mbele ya watu wote, mkono wa klachi ukavunjika tak, mimi nikakaa chini kwenye vumbi nimeshika goti.

Vijana wawili wa boda walikuja wakaiinua. Bibi anayeuza migebuka pale pembeni akaniletea maji kwenye kikombe cha plastiki, akasema pole mwanangu, umeumia? Nikamwambia shikamoo bibi, sijaumia, japo goti lilikuwa linachuruzika damu. Na mmoja wa wale vijana, wakati anainyoosha ile pikipiki iegemee stendi, akasema kitu ambacho nimekaa nacho wiki sita sasa.

"Pole madam. Umetafuta ardhi ambayo haipo."

Kila mtu alikuwa na jibu

Pikipiki haikuwa yangu. Ni sporti ya cc 600, silinda nne, ya kaka wa rafiki yangu ambaye alikuwa anaiuza, akanipa niizungushe nione kama naipenda. Nimeendesha Boxer 150 miaka mitatu, kila siku Mwanga kwenda Ujiji kufundisha na kurudi, sikujiona mgeni wa barabara. Nililipa klachi, nikaomba radhi, yule kaka akawa muungwana tu akaniambia usijali, utaizoea.

Shangazi akasema si nilikwambia uachane na pikipiki. Ofisini walimu wenzangu wakasema madam tafuta skuta, kwa kimo chako ndo size yako. Fundi akasema hilo dogo, lete tutaishusha.

Majibu manne, na kila mmoja anayatoa kwa uhakika kabisa, na mimi nikawa siwezi kumwamini hata mmoja wala kumkatalia. Utaizoea, nizoee nini? Ardhi kutokuwepo? Skuta sawa, lakini siitaki. Kuishusha, kwa hiyo tatizo ni la chuma? Na shangazi yeye hakusema pikipiki gani, alisema pikipiki.

Kuna usiku nilijiuliza kama naitaka kweli au naitaka kwa sababu nimeambiwa hainifai. Swali hilo liliniuma kuliko goti. Mimi ni sentimita 154, tangu shule ya msingi nilikuwa nakaa mstari wa mbele, kwenye paredi nasimama mwisho, na najijua kabisa nikiambiwa hiki kirefu kwako damu inanichemka. Sasa mtu akinunua kitu cha kilo karibu 200 kwa sababu damu imemchemka, hapo kuna shida.

Nilipojibana vizuri jibu likaja kutoka barabara ya Manyovu. Mnaoijua mnaijua, ukishakata Mwandiga lami inaanza kupanda na kujikunja kwenye vilima, kilomita kama 60 hadi mpakani na Burundi, migomba huku na huku, hewa inabadilika kadiri unavyopanda. Nimeipita na Boxer mara nyingi, na kila nikifika kwenye zile kona ndefu nasikia chombo kimeshafika mwisho wake wakati mimi bado. Hapo hakuna anayeniangalia. Hakuna wa kumwonyesha. Nataka tu chombo kinachoinama kwenye kona kikatulia.

Basi nikaamua naitaka. Swali lililobaki ni ipi.

Kitabu ukutani

Nilianza na kitu ambacho nilipaswa kukifanya kabla sijapanda ile ya cc 600. Kimo chako kwenye kitambulisho hakikusaidii sana, watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kupishana miguu kwa sentimita tano. Unachotakiwa kujua ni urefu wa mguu kwa ndani. Simama peku, mgongo ukutani, chukua kitabu kigumu ukibane katikati ya miguu kipande juu mpaka kikugande kama vile umekalia siti, piga alama ya penseli ukutani, pima kutoka alama mpaka sakafuni.

Mimi ni sentimita 70.

Alafu ndo unaenda kwenye namba za watengenezaji. Yamaha R6, siti iko milimita 850 juu. Suzuki GSX-R600 ni 810. Hizo ndo zile ambazo vijana wengi wanaziota. Ukishuka unakuta Yamaha R3 ni 780, Kawasaki Ninja 400 ni 785, Honda CBR500R ni 785. Alafu kuna hii Yamaha R15 ambayo kila mtu anakwambia ni "ndogo", siti yake ni 815! Ndogo ya injini, cc 155, lakini siti imepanda kuliko ya cc 500. Hili lilinishangaza sana kwa sababu mimi nilikuwa najua cc zikipungua na siti inashuka. Hazina undugu kabisa.

Sentimita 70 kwa siti ya 78 na nusu, napungukiwa 8 na nusu. Kiatu chenye soli nene kinakurudishia kama 3. Ukikaa, shokapu inazama kidogo chini ya uzito wako inakurudishia nyingine, ila kwa mtu wa kilo 52 kama mimi inazama kidogo kuliko kwa jamaa wa kilo 80, kwa hiyo usidanganywe na mtu mnene anayekwambia "mbona inashuka". Kilichobaki unamalizia kwa vidole vya miguu.

Ila namba ya siti nayo ina siri yake, haikwambii upana. Siti pana inayapanua mapaja, na mguu ukishatawanyika haushuki wima tena, unakuwa mfupi. Ile iliyoniangusha ilikuwa na siti ya 820 na juu ya hapo ilikuwa pana pale inapokutana na tenki, kwa sababu silinda nne zimepangwa mstari mmoja kukatisha upana. Zenye silinda mbili au moja ni nyembamba kiunoni. Kwa hiyo usisome tu, kalia. Na ukikalia vaa viatu utakavyoendeshea, sio ndala.

Hesabu niliyoichora ubaoni

Nafundisha fizikia kidato cha pili. Kila mwaka nachora wenzo ubaoni, naeleza momenti, yaani nguvu ya kuzungusha kitu, watoto wanakopi, wanafaulu. Na ilinichukua wiki mbili tangu nianguke kukumbuka kwamba nilichoanguka nacho ni wenzo.

Siku moja vipindi vimeisha nikabaki darasani peke yangu na chaki.

Pikipiki ikiwa wima kabisa haina uzito kwako. Kilo 190 zote zimebebwa na matairi, unaweza kuishika kwa kidole. Ikianza kuinama ndo inaanza kukudai, na inadai kulingana na nyuzi za kuinama. Nikakadiria kitovu cha uzito kiko sentimita 55 kutoka ardhini na mikono yangu inashika usukani kama 80. Na mguu wangu ukitoka pembeni unatua kama sentimita 35 kutoka mstari wa matairi. Ni makadirio, lakini yanatosha.

Ile ya cc 600 kwenye lami iliyonyooka ilinilazimu niiinamishe mpaka mguu ushuke sentimita 6 zaidi ndo niguse. Hiyo ni karibu nyuzi 10. Kuishikilia hapo mikono inatakiwa kuvuta kama kilo 23. Ndoo kubwa ya maji na kidogo. Naweza.

Alafu nikaongeza kile kiganja cha Mwanga, sentimita 8 za lami iliyokatika.

Nyuzi 22. Kilo 49.

Nikakaa kwenye dawati la mbele nikaangalia ubao. Mimi mzima nina kilo 52! Hakuna mazoea wala ujasiri wa kunifanya nivute kilo 49 kwa mikono nikiwa nimening'inia kwenye ncha ya kiatu. Pale sikushindwa kwa uoga wala kwa uanamke. Ilishaanguka kabla sijajua.

Nikafanya tena kwa Ninja 400, siti 785 na kilo 168. Kwenye lami iliyonyooka ni nyuzi 4 hivi, kilo 8. Raha. R15 yenye kilo 142, siti yake ya juu inaniinamisha nyuzi karibu 9 lakini kwa wepesi wake ni kilo 15. Nayo inawezekana.

Alafu nikaziweka zote kwenye ile sehemu ya Mwanga. Ninja kilo 33. R15 kilo 35.

Soma tena hapo. Pikipiki inayonifaa, ikisimama pabaya, inanidai kilo 33, na ile isiyonifaa ikisimama pazuri inanidai 23.

Hapo ndo nilipoelewa maneno ya yule kijana. Mi nilikuwa natafuta namba ya siti kama vile nikiipata ndo nimemaliza, kumbe siti ni nusu. Nusu nyingine ni ardhi, na ardhi haiuzwi pamoja na pikipiki.

Jumapili uwanjani

Nikamtafuta yule kijana wa boda kijiweni. Nikamwambia bwana mdogo, nifundishe kusimama. Akacheka, akadhani natania, nikamwambia nitakulipa kama unavyolipwa kwa safari, akaona sitanii. Jumapili nne tumekuwa tukikutana asubuhi na mapema karibu na uwanja wa Lake Tanganyika kabla watu hawajajaa, mimi na Boxer yangu.

Kitu cha kwanza alichoniambia, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia katika miaka yangu mitatu, ni kwamba naendesha kwa kujibanza kushoto. Kweli. Wengi wetu tunafanya hivyo, tunaogopa malori ya nyuma. Sasa barabara imejengwa na mgongo katikati ili maji yashuke pembeni, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kadiri unavyojibanza pembeni ndo ardhi ya mguu wako wa kushoto inavyozidi kukimbia. Mtu mrefu hajui hilo maisha yake yote. Mimi nililijua kwa goti.

"Madam, chagua pa kusimama ukiwa bado mbali," anasema. "Usisimame pale pikipiki inapoishia. Simama pale unapopataka."

Tukafanya hilo tu Jumapili nzima. Naona kule mbele nitasimama, naangalia ardhi sio bajaji, naacha nafasi, nanyoosha usukani kabisa kabla ya kusimama, maana ukikamata breki ya mbele huku usukani umekata kidogo pikipiki inakuangusha upande ule ule ulikokata, na mimi siku ile usukani wangu ulikuwa umekata. Mita za mwisho breki ya nyuma. Mguu wa kulia unabaki kwenye breki, wa kushoto unashuka peke yake, na hapa ndo kuna kitu kizuri: huhitaji miguu miwili. Unasogeza nyonga kidogo kuelekea kushoto, tako moja linabaki kwenye siti na lingine liko hewani, na mguu wa kushoto unatua wayo mzima. Nilikuwa nimeteseka na vidole vya miguu miwili kumbe wayo mmoja ulikuwepo siku zote.

Na kama ardhi ya kushoto ni mbaya, unashusha wa kulia na kushika breki ya mbele. Kwenye mlima ni ngumu, inataka mazoezi, bado sijaiweza vizuri.

Akanifundisha na kuachia. Ikishapita pale ambapo unasikia imekuwa nzito, usipigane nayo, toa mguu wako ujiondoe, chuma kinanunuliwa. Na kuinua: unaigeuzia mgongo, unachuchumaa matako yakiwa yamegusa siti, mkono mmoja kwenye usukani uliokatwa mpaka mwisho na mwingine unashika chuma cha nyuma, alafu unarudi nyuma kwa hatua fupi fupi ukisukuma kwa miguu. Gia iwe imeingia isitembee. Ikiwa imelalia kulia, toa stendi kwanza kabla hujainua. Boxer niliinua mara ya kwanza nikajikuta nimesimama nayo siamini, nikamwambia ilaze tena.

Kuhusu cc

Hapa sitakaa sana kwa sababu kila mtu anajua la kusema, ila kuna vitu viwili vilivyonibadilisha.

Kimoja, injini ya cc 600 ya silinda nne haijatengenezwa kwa mwendo wa Mwanga kwenda Ujiji. R6 inatoa nguvu zake zote, kama farasi 117, injini ikiwa inazunguka mara 14,500 kwa dakika. Kwenye mizunguko ya chini, unakoishi wewe na matuta na wanafunzi wanaovuka, imelala, unacheza na klachi muda wote, alafu ukivuta mafuta kidogo kuzidi inaamka yote. Na usukani wake uko chini, kwa hiyo kwenye mteremko uzito wako wote unahamia kwenye viganja, mikono inakakamaa, na mkono uliokakamaa unavuta mafuta bila wewe kutaka. Siku ile nilifika kwa ile bajaji mikono ikiwa imeshachoka. Sikulisema hilo mwanzo kwa sababu nilikuwa sijalijua.

Kingine, leseni yangu ya daraja A haikunizuia kitu. Nimetoka kwenye Boxer nikapanda cc 600 mchana huo huo. Japan, yanakotoka makampuni ya pikipiki hizi hizi, leseni ya kawaida inaishia cc 400, ukitaka zaidi unafanya mtihani mwingine. Ulaya nako kuna daraja la katikati, pikipiki isizidi kilowati 35. Ninja 400 na R3 zote zinaingia humo. Sasa wenye nazo wameweka ngazi, mimi nani niruke? Lilinituliza moyo hili. Kuanzia cc 300 au 400 ni ngazi ya watu wazima kabisa, sio ya waliopungukiwa.

Kile chuma

Nilienda Dar kwa semina ya kazi mwezi huu, jioni nikapita kwenye yadi moja. Muuzaji alinisukumia kubwa zaidi aliyokuwa nayo, akanishikia nyuma nikiwa nimekaa juu miguu inaning'inia, anasema unaona, umependeza. Nikamwambia kaka naomba uniachie. Hakuniachia. Nikashuka.

Yadi ya pili nikakuta Ninja 400 iliyotumika. Nilikaa juu yake karibu nusu saa, kijana wa pale akaniacha na mambo yangu, Mungu ambariki. Nikasogeza nyonga. Wayo ukatua. Nikaishusha stendi nikaipandisha, nikaisukuma nyuma kwa miguu nikiwa nimeikalia, nikaikata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia nione inapogeuka panahitaji upana gani (pana kuliko Boxer, pana sana, hilo nimelikubali). Klachi yake laini, kwa vidole vyangu vifupi niliifika bila kunyoosha kiganja.

R15 niliifikiria mpaka siku ya mwisho. Nyepesi, inakula mafuta kidogo, na kuna mtu mmoja wa mtaa wa Katubuka anayo, aliniachia niikalie. Kwenye hesabu yangu ya ardhi mbaya zilikuwa karibu sawa. Lakini ile barabara ya Manyovu ilinivuta, pale kwenye kupanda. Na kuna siku nyingi zaidi za lami nzuri kuliko za lami iliyokatika, na siku za lami nzuri ni kilo 8 dhidi ya 15. Nikachukua Ninja.

Hofu yangu kubwa ni spea. Hapa Kigoma ukitaka kitu cha Boxer au TVS unatembea hatua mbili, ukitaka tairi ya nyuma ya 150/60 inchi 17 unapiga simu Dar na kusubiri. Reli ina zaidi ya kilomita 1,200 kutoka huko mpaka hapa mwisho wa reli kwetu, na kila kitu cha hii pikipiki kitakuwa kinatoka kule. Nilinunua tairi moja, cheni, na mikono miwili ya klachi. Miwili, najijua.

Na nilinunua vile vyuma vya kushushia. Hapa ndo bado nina vita na nafsi yangu.

Ninja 400 ina viungio vinavyounganisha mkono wa tairi la nyuma na shokapu. Ukiweka virefu zaidi, nyuma inashuka, sentimita 2 mpaka 5 kutegemea unavyonunua. Kwa hesabu yangu sentimita 2 na nusu zinanifikishia vidole vya miguu yote miwili chini pikipiki ikiwa wima, kilo sifuri. Fundi wangu wa Mwanga alipoviona uso ulimwaka, akasema madam hii nusu saa tu.

Lakini ukishusha nyuma peke yake, mbele inabaki juu, pikipiki inakuwa kama imeinua pua, inakuwa mvivu kukata kona, na kona ndo nilichokifuata. Kwa hiyo unatakiwa ushushe na mbele, ulegeze shokapu za mbele uzipandishe kwenye vishikio vyake kwa kiasi kinachoendana. Alafu stendi inakuwa ndefu, pikipiki inasimama wima mno, upepo kidogo inaanguka upande wa pili, kwa hiyo stendi ikatwe na kuchomelewa. Alafu tumbo linakuwa karibu na ardhi, na nyie mnayajua matuta yetu. Na ikiinama kwenye kona vitu vya chini vinagusa lami mapema. Kitu kimoja kinaita kingine mpaka unakuta umenunua pikipiki moja na unaendesha nyingine.

Siti ni afadhali. Fundi makochi anaweza kupunguza sponji kwenye zile kona mbili za mbele, unapata sentimita moja na zaidi bila kugusa chuma chochote, na ukijuta anarudisha. Hiyo nimefanya. Alitumia kisu cha mkate, nikawa nimesimama pembeni nashindwa kupumua.

Pikipiki ilifika Kigoma Alhamisi. Jumamosi nikashuka nayo kutoka Mwanga, jioni, saa ile ile. Nikaona kwa mbali gari limesimama karibu na pale pale, nikaacha nafasi, nikasogea katikati ya upande wangu, nikasimama. Lami bado imekatika. Yule bibi alikuwepo, akaniangalia, akaangalia pikipiki, akauliza hii ndo ile? Nikamwambia hapana bibi, hii nyingine. Akanifungia migebuka mitatu, nikaipokea bila kushuka, mguu wa kushoto chini na wa kulia kwenye breki.

Manyovu sijaenda bado. Mguu wa kulia kwenye mlima haujakaa sawa, na huko milima ni mingi. Tumepanga Jumapili mbili zaidi uwanjani.

Vile vyuma vipo kwenye droo ya meza yangu nyumbani, vimefungwa kwenye gazeti lile lile walilonifungia Dar. Fundi kila akiniona napita ananinyooshea mkono kama anashika spana, anaita, madam, lini? Nami namwambia ngoja kwanza.